Je, Tupashe Injini Joto Kabla ya Kuondoka?



Kikundi kimoja cha kusoma upande wa Dutwa, wilayani Bariadi, kimetuletea swali. Wanasema kijijini kwao kuna ubishi usiokwisha. Mzee mmoja aliyeendesha malori ya pamba kwa miaka mingi anashikilia kwamba injini ikiwashwa asubuhi ni lazima iachwe iungurume robo saa nzima. Vijana wa bodaboda wanamcheka. Wao wanapiga kiki, wanapiga resi mbili tatu, na mara wamekwisha ondoka.

"Mzee wangu, hayo yalikuwa ya magari ya zamani," kijana anasema.

"Mwanangu, chuma ni chuma," mzee anajibu. "Hata wewe ukiamshwa usingizini ukaambiwa ukimbie, utaanguka."

Nani anasema kweli? Jibu letu huenda lisimfurahishe yeyote kati ya hao wawili, maana kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Na swali hili si la wenye magari peke yao. Hebu hesabu injini zilizoko kijijini kwako leo. Kuna pikipiki zinazopeleka wagonjwa zahanati. Kuna mashine ya kusaga. Kuna trekta za kukodi mvua zinapoanza, kuna pampu za kumwagilia bustani, kuna malori yanayokuja kubeba pamba msimu unapofunguliwa mwezi wa Mei. Injini moja ikifa, si mwenye mali tu anayeumia. Mashine ya kusaga ikisimama, akina mama watabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili. Kwa hiyo tusome pamoja, hata wewe usiye na baiskeli.

Ndani ya injini kuna nini

Injini ni chombo kinachochoma mafuta ndani ya tundu la chuma. Tundu hilo huitwa silinda. Ndani ya silinda kuna kipande cha chuma kinachopanda na kushuka. Hicho huitwa pistoni. Mafuta yakiwaka, pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Nguvu hiyo huzungusha mhimili ulio chini, ambao mafundi huuita kranki. Kranki ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, au kwenye mkanda wa mashine ya kusaga.

Zile injini za kusaga za aina ya Lister, pamoja na zile zinazotengenezwa India kwa mfano wake, ni za mwendo wa pole. Aina yake maarufu huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Ndiyo maana ukisikiliza mlio wake kwa mbali unaweza karibu kuuhesabu. Injini ya pikipiki huzunguka maelfu ya mara kwa dakika moja, na sikio haliwezi kufuata.

Sasa fikiri. Chuma kikisuguana na chuma namna hiyo bila kitu katikati, vitapata moto, vitaliana, na mwisho vitagandana. Mafundi wakisema "injini imenoki" au "imeshika", mara nyingi ndiyo habari yenyewe. Kinachozuia jambo hilo ni oili. Oili hukaa katikati ya chuma na chuma kama utando mwembamba. Utando huo ukiwapo, vyuma haviguswi. Ukikosekana, hata kwa muda mfupi, vyuma huanza kulika.

Usiku injini ikiwa imezimwa, oili hushuka taratibu na kujikusanya kwenye bakuli lililo chini ya injini. Juu hubaki unyevu kidogo tu. Asubuhi ukiwasha, kuna pampu ndogo ndani ya injini inayoanza kuivuta oili kutoka kwenye bakuli na kuisukuma hadi juu. Kazi hiyo haifanyiki papo hapo. Huchukua sekunde chache. Katika sekunde hizo chache injini inazunguka ikiwa haijalainishwa vizuri.

Tena kuna jambo la pili. Oili ya asubuhi si sawa na oili ya mchana. Itazame samli ndani ya kibuyu. Alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai, upepo wa baridi ukivuma, samli imeganda. Ukikiinamisha kibuyu haitoki. Mchana, jua likiwaka, inamiminika yenyewe. Oili ya injini haigandi kama samli, lakini nayo huwa nzito ikipoa na nyepesi ikipata joto. Ile oili iliyoandikwa 15W-40 kwenye galoni, ambayo hutumika sana kwenye injini za dizeli, ikiwa kwenye joto la nyuzi 40 huwa nzito kiasi cha mara saba kuliko inapofika nyuzi 100. Na asubuhi hapa kwetu injini haina hata hizo nyuzi 40.

Kwa kuwa tumeitaja 15W-40, tuisome kabisa, maana wengi hununua galoni bila kujua maandishi yake yanasema nini. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla ya W hueleza oili hiyo inavyotiririka ikiwa baridi. Namba ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi wakati wa baridi. Namba ya mwisho, yaani 40, hueleza uzito wake injini ikiwa na moto. Kitabu cha chombo chako kimeandika namba inayotakiwa. Ifuate hiyo. Usifuate muuza duka anayekuambia "zote ni oili tu".

Jambo la tatu ni kutanuka kwa vyuma. Pistoni za injini nyingi hutengenezwa kwa aluminiamu, aina ileile ya madini yanayotengenezea sufuria. Aluminiamu ikipata joto hutanuka kuliko chuma cha kawaida. Kwa hiyo mtengenezaji huipima pistoni ili ienee sawasawa katika silinda injini ikiwa na moto. Ikiwa baridi, pistoni huwa imelegea kidogo. Ukiilazimisha kufanya kazi nzito wakati huo, hugonga kuta za silinda. Wakati mwingine mlio huo husikika, "ta-ta-ta", halafu hupotea joto likipanda.

Hapo mzee wetu anashinda. Injini iliyolala usiku kucha haipaswi kupewa kazi nzito mara tu inapoamka.

Robo saa ni hasara

Lakini kutoka hapo hadi kusema "iachwe robo saa" ni safari nyingine. Oili hufika juu kwa sekunde chache, si kwa dakika 15. Magari mengi yana taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili, lile lenye mdomo kama birika. Ukifungua ufunguo, taa hiyo huwaka. Injini ikishawaka, huzimika upesi. Kuzimika kwake maana yake ni kwamba pampu imeanza kusukuma oili. (Ikikataa kuzimika, zima injini mara moja na umwite fundi. Usiseme utafika tu.)

Baada ya hapo kinachobaki ni kuongeza joto. Je, injini hupata joto upesi zaidi ikiwa imesimama au ikiwa inatembea? Watu wengi hudhani ni ikiwa imesimama. Sivyo. Injini iliyosimama inachoma mafuta kidogo sana, basi na joto lake ni dogo. Injini inayotembea polepole inachoma zaidi, na joto hupanda haraka zaidi.

Mfano uko hapa hapa nyumbani. Asubuhi ya baridi watu wawili wametoka ndani. Mmoja anakaa kwenye shikome, anachochea moto. Mwingine anachukua jembe, anaanza kupalilia taratibu. Yule wa kwanza kifua kina joto, mgongo una baridi. Yule wa pili baada ya muda mfupi anavua koti. Gari nalo lina mgongo wake. Giaboksi ina oili yake. Difu ya nyuma ina oili yake. Beringi za magurudumu zina grisi. Hata ukiacha gari likiunguruma mpaka saa nne, difu itabaki baridi vilevile, kwa sababu haijazunguka. Vitu hivyo hupata joto kwa kutembea tu.

Kuna na ubaya mwingine ambao hauonekani kwa macho. Petroli haiwaki ikiwa maji maji. Huwaka ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa. Ndani ya silinda baridi, sehemu ya petroli haigeuki mvuke. Hubaki matone kwenye kuta. Ndiyo maana pikipiki zenye kabureta zimewekewa choki, ili injini ipewe petroli nyingi zaidi wakati wa kuwasha, na angalau sehemu yake iwake. Ile isiyowaka huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha hupenya kwenye ringi na kushuka katika bakuli la oili. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi na dhaifu. Plagi nazo hushika masizi meusi. Basi kadiri unavyorefusha muda wa injini kuunguruma ikiwa baridi, ndivyo unavyoendelea kuiosha kwa petroli. Unadhani unaitunza, kumbe unaitafuna.

Tena kuna maji. Wengi watashangaa, lakini lita moja ya petroli ikichomwa hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Injini yenye moto huutoa mvuke huo nje pamoja na moshi. Injini baridi huuacha ugeuke matone ndani yake. Umewahi kuona gari asubuhi likidondosha maji kwenye bomba la moshi? Si kwamba rejeta inavuja. Ni hayo maji ya petroli. Maji hayo yakikaa hula bomba kwa kutu, na yakiingia kwenye oili huiharibu.

Tusisahau mfuko. Lori kubwa la dizeli likiunguruma bila kutembea hula kiasi cha lita 3 kwa saa, zaidi au pungufu kufuatana na ukubwa wa injini. Robo saa ni robo tatu ya lita. Dereva akifanya hivyo siku 6 kwa wiki, amechoma lita 4 na nusu. Tuseme anabeba pamba kwa wiki 12. Hizo ni lita 54. Bei ya mafuta hubadilika, na EWURA hutangaza bei elekezi kila mwezi, lakini kwa kurahisisha hesabu tuseme lita ni shilingi 3,000. Lita 54 ni shilingi 162,000. Fedha hizo zimetoka moshi lori likiwa limesimama palepale uani. Gunia moja la pamba halijasogea.

Basi ushauri wa robo saa ulitoka wapi? Wazee hawakuubuni. Magari mengi ya zamani yalikuwa na kabureta, na kabureta ikiwa baridi gari hukohoa na kuzimika njiani. Oili za zamani nazo zilikuwa nzito zaidi asubuhi kuliko nyingi za siku hizi. Tena magari mengi yalitoka Ulaya na mafunzo yake yalitoka huko huko, kwenye nchi za theluji. Nchini Kanada, kwenye majira ya baridi, joto huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Huko watu huchomeka waya wa umeme kwenye injini usiku ili isiwe baridi kupita kiasi. Baridi ya Bariadi, hata ile ya Julai inayotufanya tujifunike mablanketi mawili, si kitu mbele ya hiyo. Na hata huko Ulaya mambo yamebadilika. Ujerumani, mathalani, sheria ya barabarani inakataza kuacha injini ikiunguruma bila sababu ya lazima.

Magari mengi ya siku hizi hayana kabureta. Yana kompyuta ndogo inayopima joto la injini na kuipa petroli inayoistahili. Hayo huweza kuondoka mapema zaidi, mradi dereva asiyakurupushe.

Habari ya kupiga resi

Hapa tunataka kusema na vijana. Ukienda stendi ya Bariadi alfajiri utawasikia. Injini imewaka sasa hivi tu, na tayari inapigiwa kelele, "vuuu! vuuu!" Ukiuliza, unaambiwa, "Naipasha moto, mwalimu."

Hilo ni kosa kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Kumbuka sekunde zile za kwanza ambazo oili haijafika juu. Kumbuka pistoni iliyolegea. Sasa wewe unaizungusha kwa kasi kubwa mara kadhaa, tena mikavu mikavu. Ng'ombe wa plau akitolewa zizini asubuhi, hakuna mkulima wa Kisukuma anayemchapa mbio hadi shamba. Huongozwa taratibu, hufungwa nira, huanza na mstari mmoja. Injini haina ngozi ya kuonyesha alama za fimbo, ndiyo maana watu huionea.

Injini ya pikipiki nyingi za bodaboda ina oili ya kiasi cha lita moja tu. Haina rejeta. Hupozwa na upepo wa kutembea. Kwa hiyo ina maadui wawili kwa pamoja. Ukiipigia resi ikiwa baridi, unaila. Ukiiacha iungurume muda mrefu imesimama, hasa jua likiwa limepanda, haipati upepo na inachemka. Kijana aliyekopa pikipiki na bado anarejesha kila wiki hawezi kumudu kufunguliwa injini kabla deni halijaisha.

Basi tufanyeje

Kwa pikipiki, anza kwa kupima oili. Vuta choki ikiwa injini imekataa kuwaka bila hiyo. Ikiwaka, iache itulie yenyewe kiasi cha nusu dakika hadi dakika moja, wakati wewe unavaa kofia ngumu na kukagua breki na tairi. Rudisha choki mapema, mara injini inapoweza kusimama bila kuzimika. Wengi huisahau, kisha wanalalamika kuwa pikipiki inakunywa petroli. Ondoka taratibu. Kilomita tatu au nne za kwanza usivute sana mkono wa moto, na kama inawezekana usianze na abiria wawili na gunia. Gari dogo nalo ni hivyo hivyo.

Lori ni jambo tofauti, na hapa mzee wetu anapata haki yake nyingine. Malori makubwa na mabasi mengi yana breki za upepo. Upepo huo hujazwa na injini yenyewe. Lori likilala, upepo huweza kupungua usiku. Asubuhi dereva hana budi kungoja mpaka mshale wa geji ufike kwenye kiwango cha kazi na king'ora kinyamaze. Malori mengine hukataa kabisa kutembea kabla ya hapo. Mengine, hasa ya zamani, hukubali kutembea lakini hukataa kusimama. Huko kungoja si kwa ajili ya joto, ni kwa ajili ya breki, na hakuna anayeruhusiwa kukupunguza. Wewe utingo, ukimwona dereva anaondoka mshale ukiwa chini, sema. Usinyamaze kwa heshima.

Trekta pia ina muda wake. Udongo wetu mweusi wa mbugani ni mzito, na plau ikizama humo trekta hutumia nguvu zake zote. Iache iungurume kwa dakika tatu hadi tano, kwa mwendo wa wastani. Nyanyua na kushusha plau mara mbili tatu ili mafuta ya kunyanyulia nayo yatembee. Kisha iende shambani kwa giya ndogo. Ikifika huko imekwisha kuwa tayari.

Kwa mashine ya kusaga, iwashe ikiwa haina mzigo. Isikilize. Mlio ukitulia na moshi ukipungua, ndipo mahindi yatiwe, kidogo kwanza. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa mwaka 1897, alitumia njia ya kuibana hewa kwa nguvu hadi ipate moto wa kuwasha mafuta. Chuma kikiwa baridi, hunyonya sehemu ya joto hilo, na mafuta hayaungui yote. Ule moshi mweupe wa asubuhi ndio mafuta yasiyoungua. Akina mama walio kwenye foleni wavumilie dakika mbili hizo. Si uvivu wa mwendeshaji.

Na jioni je? Injini nyingi za malori na magari ya dizeli zina feni ndogo ya kusukumia hewa, ambayo mafundi huiita tabo. Huzunguka kwa kasi ya ajabu na hupata moto mkali. Baada ya safari nzito, mathalani kutoka Lamadi na mzigo, usizime papo hapo. Iache iungurume dakika moja au mbili, ipoe huku oili ikiendelea kupita. Ajabu ni kwamba madereva wengi hungoja robo saa asubuhi pasipo na haja, na jioni huzima kwa haraka penye haja.

Moshi unaoua

Tumeliacha jambo hili nyuma, lakini ndilo lililotufanya tuandike somo hili kwa urefu. Vijana wengi hulala na pikipiki ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Hatuwalaumu. Lakini wengine asubuhi huiwasha humo humo ndani, wakaivutia choki, wakaiacha "ipate moto" huku wao wananawa uso. Mke na watoto bado wamelala chumba cha pili, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi.

Moshi wa injini ya petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi, si ya sumu hii. Ukiivuta, huingia kwenye damu na kushikana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ile hewa inayotufanya tuishi. Damu hukosa nafasi ya kubeba oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa. Huona kizunguzungu, hutapika, miguu huisha nguvu. Anaweza kudhani ni malaria. Aliyelala haoni dalili yoyote. Huendelea kulala, na asiamke.

Tena injini baridi yenye choki ndiyo inayotoa sumu hii kwa wingi zaidi, kwa sababu petroli ni nyingi na hewa ni kidogo. Ni sumu ileile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi. Watoto wachanga na akina mama wajawazito huumia upesi zaidi.

Kwa hiyo sukuma pikipiki hadi nje kwanza, kisha uwashe. Hata kama mvua inanyesha. Kufungua mlango tu hakutoshi, maana moshi hukaa ndani. Jenereta na pampu za petroli nazo zisiwashwe ndani ya nyumba wala dukani.

Moshi wa dizeli una sumu hii kwa kiasi kidogo zaidi, lakini una masizi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Bomba la mashine ya kusaga lazima litoke nje ya banda na lipande juu, lisielekee kwenye foleni wanapokaa akina mama na watoto mgongoni. Tumeona mabanda ambamo bomba limeishia ndani, na kijana anayesaga anatoka mweusi utosini hadi miguuni akidhani ni unga na vumbi tu.

Ukimkuta mtu amezimia ndani ya nyumba yenye injini inayowaka, vuta pumzi nje kwanza, fungua milango, zima injini, mtoe mtu nje kwenye hewa safi. Usikae ndani kumwita jina. Kisha apelekwe zahanati haraka, hata kama ameamka na kusema amepona, na mhudumu aambiwe wazi kwamba alivuta moshi wa injini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Dereva wa pikipiki anasema injini yake haiwezi kusimama bila choki hata baada ya dakika kumi. Je, hiyo ni injini inayohitaji kupashwa joto, au ni injini inayohitaji fundi? Toeni sababu.

Katika hesabu yetu, lori moja lilipoteza lita 54 kwa msimu. Tuseme mnunuzi wa pamba ana malori 5, na madereva wote wana tabia hiyo. Atapoteza lita ngapi? Kwa bei ileile ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi ngapi? Na kama madereva watapunguza muda kutoka dakika 15 hadi dakika 5, ataokoa kiasi gani?

Someni maandishi yaliyo kwenye galoni la oili lililoko kijijini. Namba zake ni zipi, na kila moja ina maana gani?

Nendeni kwenye mashine ya kusaga mnayoitumia. Bomba la moshi linatokea upande gani, na upepo wa asubuhi huupeleka moshi huo wapi? Chukueni vipimo vya urefu wa bomba, viandikeni, mvipeleke kwa mwenye mashine.